Nguzo ya Tano

Jina alilopewa na mama yake nilishalisahau, na sidhani ni mimi peke yangu. Mtaa mzima tulimwita Gonga. Alikuwa fundi wa mbao zilizooza, na hakuweza kupita mlango, dirisha wala ngazi bila kukunja vidole viwili, kugonga mara mbili, na kuinamisha kichwa kama mtu aliyepiga hodi anayesubiri kukaribishwa. Akiingia dukani kwangu aligonga kaunta. Siku moja aligonga tikiti maji la muuza matunda mbele ya wateja, akasema, "Hili bado," na muuza matunda akamnunia wiki nzima. Watoto walimpigia kelele barabarani, "Gonga!" naye aliwajibu bila kugeuka, "Nani yupo?" Wakacheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mimi nauza misumari, skrubu, rangi, na kila kitu kinachozuia nyumba isianguke. Wananiita Mama Misumari ingawa sikuzaa. Watu hawamvumilii mwanamke wa umri wangu asiyekuwa mama wa kitu fulani. Mume wangu alitoka kwenda kutafuta bati katika mwaka wetu wa tatu wa ndoa, na bati hizo sijaziona mpaka leo. Nimesimama nyuma ya kaunta hii miaka ishirini na miwili. Hasira yangu inajulikana mtaani kuliko bei zangu, na nalisema hili mapema ili nikifika kwenye kosa langu usishangae.

Hapa kwetu hewa yenyewe imelowa. Chumvi inatoa machozi koponi, viatu vya harusi vinaota ukungu kabatini, na shuka ukiianika asubuhi, jioni unaianua bado ina ubaridi wa maji. Nyumba za zamani za mtaa wetu zina ngazi za mbao, madirisha ya mbao na roshani za mbao, na zote zinainywa hewa hiyo usiku na mchana. Wenye nyumba wengi dawa yao ni moja tu: rangi. Gonga aliichukia dawa hiyo. "Kupaka rangi juu ya uozo," alikuwa akisema, "ni kumpaka maiti wanja."

Yeye alikata. Alikata mpaka afike kwenye mti mzima, kisha akaongeza shubiri moja, kwa sababu uozo siku zote umefika mbele zaidi ya pale unapouona. Kipande kipya alikiunga kwa mshazari ili maji yateremke yasilale, na kabla ya kuunga alipaka dawa pale palipokatwa, mara tatu, akisubiri ikauke kila mara, maana mti hunywa maji kwa ncha zake. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea mbao, alikuwa nao, lakini aliuacha kwenye sanduku. Mafundi wengine walitoboatoboa nyumba nzima wakitafuta ulaini. Gonga hakukubali kuutia mti mzima kidonda. "Anayetoboa," alisema, "hana masikio."

Yeye alikuwa nayo. Alinifundisha hata mimi, hapa hapa kwenye kaunta, siku za mvua wateja wakiwa hawapo. Aligonga mguu wa kaunta wa upande wa ndani: ko. Akagonga ule wa upande wa mlango, unaorushiwa mvua: bu. "Umesikia? Huyu mwenzio anakufa," akaniambia, na kesho yake akaja kuubadilisha bila kuombwa. Mke wake alikuwa amefariki mwaka ule. Nadhani alihitaji mahali pa kwenda asubuhi, na mimi nilihitaji mtu wa kugonga kaunta. Hatukuambiana hivyo.

Mambo yalianza kuharibika kwa shikamoo. Asubuhi moja aliingia nikiwa juu ya ngazi napanga makopo ya rangi, nikasema, "Shikamoo, Mzee Gonga." Kimya. Akachukua msasa, akalipa, akatoka. Kesho yake hivyo hivyo. Sasa, kuna mambo nayameza, lakini kumwamkia mtu mzima, akakuacha na salamu yako mkononi kama umebeba sahani tupu, hilo silimezi. Siku ya tatu sikumwamkia. Hakuonekana kujali, na hapo ndipo nilipokereka zaidi.

Sikuwa peke yangu. Watoto walipiga kelele "Gonga!" naye akapita zake. Muuza matunda alimwita mara nne kumwambia ameangusha futi yake ya kupimia, akaendelea kutembea, shingo imenyooka kama ya waziri. Watu wakasema anajisikia. Wakasema tangu apate kazi ya nyumba ya Mwalimu amevimba kichwa. Mtaa hauhitaji ushahidi, unahitaji mtu wa kusemwa. Mmoja mmoja wakaacha kumwita, wakaacha kumpungia mkono, na mtu aliyekuwa akigonga kila mlango akawa anapita katikati ya barabara peke yake na sanduku lake la vifaa.

Mimi nilizidi wenzangu. Nilimhudumia huku nikimtukana kwa sauti ya chini, tena kwa mpango, tusi la leo lisifanane na la jana. Yeye alikuwa akichagua skrubu zake polepole, akaniangalia, akatabasamu, akaondoka. Nikasema, kweli huyu ana kiburi cha ajabu.

Huyo Mwalimu, mwenye nyumba, alikuwa mwanamke aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, mimi nikiwemo. Alipostaafu alipanda ghorofani kwake, na akawa hashuki ila kwa dharura. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye aliondoka au alikufa, inategemea unamuuliza nani. Yeye mwenyewe hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kila alasiri alikaa roshani na kikombe chake cha chai, kwenye kona moja ile ile, mkono juu ya mbao ya kuegemea, akitazama watoto wa shule wakipita chini yake. Roshani ile imebebwa na nguzo sita za mbao zinazotoka ardhini. Gonga alizikagua zote, akatangaza kwamba nne zimeoza na mbili za mwisho ni nzima. Nikamuuzia vifaa vya nguzo nne.

Kazi ilichukua zaidi ya mwezi. Kwa sababu ya mvua alipeleka meza yake ya kazi juu, roshani, palipo na paa, na mimi nikipita kwenda kula mchana niliwaona. Mwalimu ameketi kwenye kona yake, anazungumza, mikono inacheza, mara anafuta macho kwa ncha ya kanga. Gonga amempa mgongo, anapiga randa, na kichwa chake kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Nilisimama barabarani nikaona wivu, sifichi. Mimi ananinyima marahaba ya neno moja, Mwalimu anamwitikia hadithi nzima.

Halafu siku moja dukani mzigo wa nondo ulioegemezwa ukutani ukateleza. Nondo kumi na mbili zilianguka kwenye sakafu ya saruji, hatua mbili nyuma ya Gonga. Paka aliruka kutoka kwenye kaunta, na hadi leo hajarudi. Muuza matunda, ng'ambo ya barabara, alijishika kichwa. Gonga alikuwa ameinamia boksi la skrubu, anaigeuza moja kwenye mwanga.

Nikamsogelea kwa nyuma. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ndogo, "Mzee Gonga, duka linaungua."

"Hizi zina kutu," akasema. "Huna zile za shaba?"

Nikakaa kwenye ndoo ya rangi. Kwanza nilikumbuka matusi yangu, yote, kwa mpangilio wake. Nilijichukia. Kisha likaja jambo la pili, na hilo lilikuwa zito kuliko la kwanza: kama Gonga hasikii, ni nani aliyemwambia kwamba nguzo ya tano na ya sita ni nzima?

Siku tatu sikusema kitu. Usinihukumu haraka. Nikisema, nimemmaliza, fundi ambaye kazi yake ni kusikiliza, nani atamwita akijua ni kiziwi? Hana mke wa kumfungulia mlango, mbao ndizo zilizokuwa zimebaki kuzungumza naye, na nazo zimenyamaza. Nisiposema, Mwalimu yuko juu na kikombe chake, na watoto wanapita chini. Kila alasiri saa kumi nilikuwa nashika kaunta kwa mikono miwili, nikisubiri kusikia kishindo.

Siku ya nne, Gonga akiwa amekwenda kuchukua mbao, nilifunga duka nikaenda na nyundo. Niligonga kwa mpini. Zile nne, ambazo alishaziunga miti mipya: ko, ko, ko, ko. Ya sita, ko. Ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote, rangi yake inang'aa, huoni ufa wala uvimbe. Nikaigonga. Bu. Nikapandisha mkono juu kadiri nilivyofika. Bu. Nikatazama juu kabisa nikaona mfereji wa paa una kiungo kilichoachia, na maji yanadondoka taratibu kwenye kichwa cha nguzo, yanaingia ndani, na ile rangi nzuri inayazuia yasitoke. Nguzo ile ilikuwa imeoza kwa ndani kuanzia juu, na jicho la mtu lisingejua.

"Nani huyo anagonga?" Mwalimu aliuliza kutoka juu.

"Ni mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa na fundi?"

"Ndiyo," nikadanganya. "Anasema leo usikae kona hiyo, na usiegemee. Kuna dawa ya mbao, itakuumiza kifua."

Nilisikia kiti kikiburutwa. Nikashusha pumzi, nikarudi dukani, nikachana kipande cha boksi la misumari na kuandika kwa kalamu nene: NGUZO YA TANO INASEMA BU. NIMEIGONGA MWENYEWE. Gonga alipoingia nilikiweka kwenye kaunta mbele yake.

Alikisoma. Akakisoma tena, kidole kikifuata herufi. Aliponitazama macho yake yalikuwa ya mtu aliyekutwa bila nguo.

"Nani kakufundisha wewe kugonga?" Alipiga kelele, hakujua ni kelele.

Nikamnyooshea kidole.

Alichukua sanduku lake akatoka. Nikasema basi, nimempoteza. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, wanasema wenyewe, lakini hakuna anayekwambia utajisikiaje ukiwa wewe ndiye uliyeleta kilio.

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Msharasi ulikuwa mkononi mwake. "Twende," akasema. "Siwezi kwenda peke yangu." Tukaenda. Kwenye nguzo ya tano aliweka ncha ya msharasi usawa wa kifua na kuusukuma kama unavyosukuma mlango ulio wazi. Ukaingia mpaka kwenye mpini. Maji ya kahawia yakatoka, yakateremka kwenye rangi nyeupe. Gonga aliuacha msharasi pale pale, akaenda kuleta jeki na magogo, akaitegemeza ile kona kwanza, akaikaza, akaikagua. Alipoona roshani imebebwa ndipo alipopanda ngazi. Nikamfuata.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Gonga alivua kofia.

"Mwalimu, mimi sisikii," akasema. "Tangu mwaka jana. Lilianza sikio moja, likafuata la pili. Nguzo nne zilikuwa zimevimba, niliziona kwa macho. Ya tano niligonga, sikusikia kitu, nikakisia. Ilikuwa safi, nikakisia. Hata binti yangu nimemwambia simu imeharibika, ili asijue." Aliikunja kofia mkononi. "Ningekuangusha."

"Lakini nilikuambia," Mwalimu akasema. "Nilikuambia kona hii inatikisika nikiegemea. Wiki ya kwanza tu. Ukaitikia kwa kichwa."

Gonga alinigeukia mimi. "Anasemaje?"

Nikamsogezea uso wangu, nikafungua mdomo kwa kila neno. Alinitazama midomo, kisha akatazama meza yake ya kazi pale kwenye pembe, vumbi la mbao chini yake.

"Nilikuwa napiga randa," akasema.

Mwalimu alikwenda kukaa kwenye kiti chake, kile kilichosogezwa, akaweka mikono mapajani. Mwezi mzima yule mwanamke alikuwa amezungumza, na kila alipotua kichwa cha Gonga kilishuka: ndiyo, ndiyo, nakuelewa.

"Muulize," akaniambia, taratibu sana. "Yale mengine je? Aliyasikia?"

Nikamuuliza.

"Yapi?" Gonga akasema.

Barabarani chini watoto walikuwa wanakwenda shule. Mwalimu aliwatazama mpaka wa mwisho akakunja kona.

"Mwambie haikuwa kitu," akasema.

Nimewaambia watu maneno mengi makali maishani mwangu na nikalala usingizi mzuri. Hayo mawili nilimwambia Gonga kwa shida, na nikaona kwamba ameyaelewa yote, na ya chini yake pia.

Alifanya kazi ile siku kumi na moja. Aliziba mfereji, akakata nguzo mpaka kwenye mti mzima, akaongeza shubiri mbili badala ya moja. Mtaa ulijua, kwa sababu alijitangaza mwenyewe, alisimama sokoni akasema, "Sisikii, nigongeni bega." Wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wakatafuta fundi mwingine. Watoto wakajifunza upesi kuliko watu wazima: wanamkimbilia, wanamgonga mgongoni mara mbili, yeye anageuka na kuuliza, "Nani yupo?" Mimi nilimwomba radhi uso kwa uso, nikamwambia kwamba nilimtukana kwa zaidi ya mwezi.

"Nilikuwa naona midomo inacheza," akasema. "Nikadhani unaniombea dua."

Nilicheka, halafu nikaingia stoo nikalia, nikatoka.

Siku zote hizo Mwalimu alikaa ndani na dirisha limefungwa. Kiti kilikuwa tupu. Gonga aligeuza meza yake ya kazi, akawa anapiga randa akiwa amekielekea kile kiti, na kila baada ya mapigo machache aliinua macho. Hakuna aliyetoka.

Siku ya kumi Mwalimu alishuka. Niliposikia viatu vyake mlangoni nilisimama wima kama darasani. Alitazama rafu zangu zote, akauliza, "Una chaki?"

Ninazo, za mafundi kuchorea mistari kwenye mbao. Nikampa moja. Akatikisa kichwa.

"Nipe boksi zima," akasema.

Kesho yake Gonga alisahau pakiti ya skrubu kwenye kaunta. Nikafunga duka nikampelekea, na nilipofika chini ya roshani nikasimama. Juu kulikuwa na ubao mpana umeegemezwa ukutani, mbao nzima ya dirisha la zamani, nyeusi kwa umri. Mwalimu alikuwa anaandika. Aliandika kama alivyotuandikia sisi, mistari iliyonyooka, herufi za duara, lakini ndogo, akianzia juu kabisa. Gonga alikuwa nyuma yake. Randa ilikuwa sakafuni, mikono yake inaning'inia, na kichwa chake safari hii hakikusogea hata kidogo.

Mwalimu alifika chini ya ubao akasogea pembeni. Gonga alisoma. Alisoma muda mrefu, midomo ikienda. Kisha akashika mkono wa shati lake na kufuta ubao wote, kwa nguvu, mpaka kwenye pembe, ili sisi wa barabarani tusiambulie hata herufi. Mwalimu akachukua chaki nyingine, akaanza tena juu.

Nilipokuwa nimesimama niliona tu vumbi la chaki likishuka kati ya mbao za sakafu. Ningeweza kuita; Mwalimu angesikia. Niliiweka pakiti ya skrubu kwenye ngazi ya chini, kando ya nguzo ya tano, nikarudi dukani. Hakukuwa na mteja. Niligonga kaunta mara mbili, ikasema ko, na hakuna aliyeuliza nani yupo.